Kura ya Maharagwe Kwenye Chemchem ya Nyanya

Juzi nilimpeleka binti wa dada yangu mjini Kasongo, kujiandikisha universite. Tulitoka Kabambare alfajiri, sisi wawili na sanduku moja na kuku mmoja juu ya pikipiki, na tulipofika nguo zetu zilikuwa na rangi ya barabara. Karani akamuuliza, "Unataka kusoma nini, mama?" Mtoto akajibu bila kusita: "Politiki." Weee! Mstari mzima nyuma yetu ukacheka. Baba mmoja aliyemleta mwanawe kusoma udaktari akatikisa kichwa, akasema, "Mutoto muzuri hivi, anaenda kusoma bongo?" Kwetu bongo ni uongo, usije ukadhani anasifiwa akili. Binti akakunja uso. Mimi nikacheka kuliko wote, maana kicheko kile nakijua. Nilichekwa vilevile, mbele ya mlango uleule, nilipokuwa na umri wake.

Basi kaa nikusimulie, maana tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukumbuka tu. Leo mimi ni mwalimu wa elimu ya uraia kwenye shule ya sekondari kule Kabambare, na wanafunzi wangu hawaamini kwamba niliwahi kuwa binti mwembamba mwenye maswali mengi. Maswali nilikuwa nayo. Baba alikuwa na redio, na kila jioni tulisikiliza habari tukiwa tunachambua mchele, na mimi namsumbua: nani alimpa huyu ruhusa ya kuamua? Na huyo naye alipewa na nani? Baba alitaka nisome uuguzi. Niliposema politiki, alikubali kwa sharti moja. "Ukianguka mwaka mumoja tu," alisema, "unarudi hapa kwenye shamba ya mpunga, na hiyo redio utaisikilia ukiwa na jembe." Baba yangu hakuwa mtu wa mchezo. Nilijua atafanya.

Kasongo nilikaa kwa nyanya, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya zamani, na baraza mbele, na jikoni nyuma ambako moshi ulikuwa haukatiki. Asubuhi yangu ilianza na adhana, halafu sauti ya nyanya anakohoa kwa makusudi ili niamke, halafu mchi kwenye kinu. Alikuwa anapika mikate ya mchele ya kuuza, ile ya duara inayonukia nazi kidogo na iliki, na kazi yangu ilikuwa kutwanga na kupepeta kabla ya kwenda masomoni. Niliingia darasani na unga kwenye nyusi. Ijumaa alipika pilau, siku nyingine sombe, majani ya mihogo, lenye mawese mengi mpaka mdomo unang'aa. Aliniita muke mwenzangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Muke mwenzangu, leo bwana wetu hajarudi?" Bwana wetu alikuwa babu, aliyezikwa miaka mingi kabla sijazaliwa. Tulicheka hilo kila siku na halikuchakaa.

Darasa letu lilikuwa na paa la bati, na mvua ikinyesha mwalimu alikuwa anaandika tu ubaoni, maana sauti haikusikika. Walimu wengi walikuwa wageni. Anafika mmoja kutoka mbali kwa pikipiki, amechoka, anafundisha kozi nzima ndani ya wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, halafu anapotea mpaka mwaka unaofuata. Ukiugua wiki hiyo, umekwisha. Tuliandika mpaka vidole vinavimba: serikali, katiba, namna za kura, nani anatawala na kwa idhini ya nani. Ee Mungu, nilipenda! Nilirudi nyumbani nikimhubiria nyanya mambo ya kura huku nachuja mchele, na yeye anaitikia, "Ehee. Ehee. Usimwage maji."

Mtaani sasa, watu walishajiaminisha kwamba wanafunzi wa politiki ni wabunge wadogo. Jirani aliniletea malalamiko ya mbuzi waliokula mihogo yake. Mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza daraja la kwenda Wamaza litatengenezwa lini, na nilipomwambia sijui, akasema, "Naona umeshaiva, unajibu sawa na wao." Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alipaswa kuandika memwari, yaani kazi ya mwisho, na kuitetea mbele ya walimu watatu. Mwalimu aliyenisimamia alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wenzangu walileta vichwa vikubwavikubwa, vya dunia na bara zima. Akavikataa. "Kila mutu atafute politiki ya nyumbani kwake," alisema. "Nani anaamuru, na watu wanamutii kwa sababu gani. Nikirudi kwa mara ya mwisho nataka kazi iko tayari. Nafasi ya pili hakuna." Nilitembea mpaka nyumbani kichwa kimejaa. Nikamkuta nyanya kwenye chemchem, amesimama na fimbo yake, anamfokea mwanamke mzima aliyeruka mstari, na mwanamke huyo anarudi nyuma kimya na bidoni yake ya maji. Nikasema, Alhamdulillahi, kazi yangu hii hapa.

Chemchem ile ilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya nyumba zetu, na ilikuwa inalisha mtaa mzima, Waislamu na Wakristo. Nyanya ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Yeye ndiye alisema nani apite mbele: mwenye mtoto mchanga, mwenye msiba nyumbani, mjamzito. Yeye alikataza kufua juu ya maji, na siku ya salongo, ya kusafisha pamoja, alipita nyumba kwa nyumba akigonga na ile fimbo. Hakulipwa kitu. Lakini alfajiri alipokuwa anashuka ule mteremko, mgongo wake ulinyooka, na wamama wote walisema, "Shikamoo, mama mukubwa," kabla hata hajafika. Nilikuwa sijaelewa kwamba ndicho kilichokuwa kinamwamsha kitandani.

Namna alivyowekwa ni hii, na ushike vizuri, maana kosa langu liko hapa. Kwetu mtu mwenye adabu hajitaki. Ukiitwa kuongoza jambo, unakataa. Unasema mimi sifai, nimechoka, tafuteni mwingine mzuri kuliko mimi. Watu wanakuomba. Unakataa tena. Wanapiga makofi ya taratibu, wanapiga magoti kidogo, wanakuomba tena. Mara ya tatu wanakutupia kitambaa mabegani, nawe unasema, "Haya, mumenishinda." Hapo ndipo umechaguliwa. Asiyekataa wanamwona ana tamaa, na anayeombwa kidogo tu anajua hatakiwi. Nyanya aliombwa hivyo na mama za hawa wamama wa chemchem, wakati yeye mwenyewe alikuwa bado na meno yote.

Mimi nikaona hii siyo kura. Kozi ya kura ilikuwa bado moto kichwani. Nikamwambia nyanya: tufanye uchaguzi wa kweli, wa siri, halafu niandike. Akafikiri, akatema ukoka aliokuwa anatafuna, akasema, "Kwa masomo yako?" Nikasema ndiyo. "Basi fanya." Aliyesimama kushindana naye ni jirani yetu mshonaji, mwanamke Mkristo kutoka upande wa Wamaza, kijana bado, mcheshi, cherehani yake ilikuwa inalia kwenye baraza yake kutwa nzima. Alikubali kwa kucheka. "Mimi nishinde mama mukubwa? Kura gani hiyo! Sawa, nitasimama tu mutoto apate memwari."

Wee rafiki, ungeniona siku ile! Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo nilitayarisha mikebe miwili ya maziwa ya unga, mmoja umefungwa kitambaa chekundu, wa nyanya, mwingine wa bluu, wa mshonaji. Nikaisimamisha nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye kamba. Kila mama alipewa harage moja. Nilivaa shati jeupe. Nilikuwa na daftari, kalamu mbili, na sauti ya mkuu wa tume.

Kabla ya kuanza nikawaomba wagombea waseme neno. Nyanya akasimama, akajifunga leso vizuri, akasema kama adabu inavyotaka, "Wabinti zangu, mimi muniache. Miguu inaniuma, macho yamefifia. Chagueni huyu mushonaji, yeye iko na nguvu." Papo hapo makofi yakaanza, taratibu, pa, pa, pa, na sauti, "Hapana mama, tunakuomba..." Unajua nilifanya nini? Niliinua mkono. "Kimya, wamama! Siku ya kura hakuna kampeni. Kubembeleza ni kampeni!" Makofi yakakatika. Wakatazamana. Nyanya naye akanitazama, halafu akaketi kwenye bidoni yake. Wakaanza kuingia nyuma ya mkeka, mmoja mmoja, kimya kabisa, wanatoka bila kuinua macho. Mimi nikaandika kwamba nidhamu ni nzuri.

Nilimwaga maharagwe juu ya ungo mbele ya wote. Ya mshonaji yalijaa viganja viwili. Ya nyanya yalikuwa tisa. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini mengine yamekwama chini ya mkebe. Hayakukwama. Wamama walimsikia mwenyewe akisema amechoka, wakazuiwa kumwomba, basi wakamhurumia, wakamtii. Hata yeye mwenyewe harage lake alilitia kwa mshonaji, maana mtu mwenye adabu hajichagui. Mshonaji akalia. Ndiyo, mshindi ndiye aliyelia. Nyanya akainuka, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili, akachukua bidoni yake, akaenda kuipanga nyuma ya mstari.

Jioni ile mtaa mzima ulishanipa jina: Kudeta, yaani mapinduzi ya serikali. Walisema nimepelekwa universite nikarudi kumpindua nyanya yangu mwenyewe. Watoto wakaimba nyuma yangu, "Kudeta! Kudeta!" Muuza mafuta ya taa akakataa kunihudumia mpaka nimwapie kwamba sitampindua. Ningecheka na mimi, lakini nyumbani hapakuwa na kicheko. Nyanya alinipakulia chakula, akaniuliza habari za masomo, akanikunjia nguo. Ila alikuwa ananiita kwa jina langu. Siku nne hakuniita muke mwenzangu hata mara moja, na asubuhi hakukohoa. Nilikuwa najiamsha mwenyewe, namkuta amekaa kando ya kinu, amevaa tayari, hana pa kwenda.

Siku ya tano, kabla jua halijapanda, nikasikia miguu mingi uani. Wamama wa chemchem wote walikuwa wamekuja, mshonaji mbele na ile fimbo, mwingine na kitambaa kipya kimekunjwa mkononi. Wakaketi chini. Mshonaji akasema, "Mama, sisi hatukuelewa. Tulidhani umekataa kweli. Maji inatushinda, wanafua juu, wanapigana, mimi siwezi kufokea watu walionizidi umri. Tunakuomba." Nyanya akasema hapana. Makofi yakapigwa, safari hii hakuna wa kuyakata. Akasema hapana mara ya pili, na wallahi niliona mkono wake unanyoosha leso mabegani, unaitengenezea nafasi.

Mimi nilikuwa mlangoni na daftari langu, na roho iko mkononi. Maana hesabu ilikuwa rahisi: nyanya akirudi, uchaguzi wangu umebatilika mbele ya mashahidi, memwari imekufa, na mwalimu anafika baada ya siku kumi kwa mara ya mwisho. Mwaka umekwenda. Baba yuko Kabambare na jembe langu. Wakamwomba mara ya tatu. Mwenye kitambaa akainuka. Nyanya akageuza kichwa, akaniangalia mimi, kwa muda mrefu. Nikainamia daftari.

"Hapana," akasema. "Mulishachagua. Kama mimi narudi leo, kitabu cha mutoto huyu kitakuwa bongo tupu, na watamurudisha kwa baba yake. Kitambaa hicho mumuvike mushonaji." Wakamvika mshonaji, naye analia tena, yule mwanamke alikuwa na machozi ya karibu. Mimi nikapumua. Nikaandika: aliyeshindwa amekubali matokeo.

Tangu siku hiyo mshonaji akawa anapita kwetu kila alfajiri na fimbo kwapani. "Mama, leo nifanye je na wale wa kufua?" Nyanya anajibu, "Kwani mimi ni nani? Uliza kichwa yako." Anatwanga mara tatu. Halafu, "Waambie hivi." Na anamweleza yote, mpaka namna ya kusimama na namna ya kukunja uso. Baada ya wiki, akanikoholea tena asubuhi. "Muke mwenzangu, amuka, umepindua nchi halafu unalala?" Nilicheka na machozi juu.

Siku ya kutetea kazi, nyanya alikuja na kikapu cha mikate, pamoja na nusu ya chemchem. Walijaza viti vya nyuma, wananong'ona, wanawapungia walimu mkono. Nilisoma vizuri. Nilieleza mikebe, maharagwe, mkeka. Nilieleza hata ile amri yangu ya kukataza makofi, na mwalimu wa miwani ya uzi akacheka mpaka ikamwanguka, akasema kosa hilo peke yake ni somo zima. Kisha mmoja wa walimu wale akauliza, "Walipomuomba arudi, kwa nini alikataa?" Nikajibu kwa sauti yangu ya mkuu wa tume, "Kwa sababu aliheshimu kura." Wamama wakapiga vigelegele, walimu wakaandika. Nyanya naye alipiga makofi, tena kwa nguvu. Nilipita na alama nzuri, wakanimwagia poda kichwani, kama kwetu wanavyofanyiwa waliofaulu, mpaka nikapiga chafya barabara nzima, nyanya ananishika mkono, anawaambia wapita njia, "Munamuona? Ndiye alinipindua huyu!"

Leo nyanya hayupo. Jikoni kwake pameota nyasi. Ule mteremko umechimbwa, kuna bomba juu, kila mtu anakinga kwa wakati wake, na hakuna anayemwambia mwenye mtoto mchanga apite mbele. Makofi ya taratibu siyasikii tena popote. Siku hizi anayetaka kuongoza anapeleka jina lake mwenyewe, na picha yake juu, na hakuna anayeona haya. Nawafundisha wanafunzi wangu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Ni kweli, ndivyo.

Mshonaji yuko, amenenepa, amekubali binti yetu akae kwake mpaka amalize masomo. Jioni ile ya kujiandikisha tulikula kwake, tukakumbuka mikebe na jina langu la Kudeta, binti anacheka mpaka anapaliwa. Na katikati ya kicheko mshonaji akasema, kama jambo ambalo watu wote wanalijua, "Asubuhi ile tulipomuomba mama mukubwa arudi, alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia, 'Ningerudi. Niliangalia kama mutoto ataniomba. Lakini aliogopa, na mimi sikutaka aogope.'" Akaendelea na hadithi nyingine, akajaza sahani za watu.

Nilikula, sikujua ninakula nini. Nimewaambia watu habari ile miaka yote, kwenye darasa langu, kwamba nyanya yangu aliheshimu kura. Wamama wa mtaa mzima walikaa chini wakamwomba, Waislamu na Wakristo, mpaka mwanamke aliyemshinda. Mimi nilikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka kwake, na sikumwomba.